Piga picha mtaa wako kabla haujabomolewa

Kila nikishuka tao napita Kipande House, pale Kenyatta Avenue. Ilijengwa 1913. Hapo ndipo wazee wetu walisajiliwa wapewe kipande, ile karatasi walilazimishwa kuvaa shingoni kwa kijisanduku cha chuma. Siku hizi ni benki, lakini jengo lenyewe linalindwa na sheria.

Sasa niambie, kijiji cha Pangani kiko wapi? Waafrika walijijengea nyumba huko, serikali ya mkoloni ikazibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Ofisi iliyowasajili bado imesimama. Nyumba walizolala hazipo.

Sheria ya 2006 inaruhusu jengo la kihistoria litangazwe kwenye gazeti rasmi la serikali ili lilindwe. Lakini kama hakuna mtu amelipima, akalipiga picha, akaandika nani aliishi humo, litatangazwa vipi?

Simu tunazo. Wikendi hii keti na shosho umuulize: hii nyumba ilijengwa lini, nani aliishi hapa? Piga picha mlango, paa, hata ngazi. Andika kila kitu.

Mimi naanza na Kaloleni. Wewe je?