Shinkolobwe na damu ya wachimbaji

Wasikilizaji wapenzi wa Likasi, nanyi jamaa mliotolewa Shinkolobwe mkatawanyika, leo tunakumbuka shimo lililo kilometa 20 hivi kutoka mjini kwetu.

Madini yale yaligunduliwa mwaka 1915. Tangu 1921 Union Minière du Haut-Katanga iliyachimba kwa ajili ya radiamu, iliyotolewa kwenye kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Mwaka 1940 mkurugenzi Edgar Sengier alipeleka zaidi ya tani 1,000 New York. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, 1945, ilitoka hapa. Wazee wetu waliichagua kwa mikono.

Mgodi ulifungwa 1960, visima vikazibwa kwa saruji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu walirudi na sululu kutafuta kobalti. Januari 2004 amri ya Rais Joseph Kabila iliwakataza. Julai udongo uliporomoka, watu 8 wakafa. Kisha kijiji kikabomolewa.

Kijiji kimeondoka, lakini vumbi lililoingia mwilini halikubaki kule. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, na uboho wa mifupa hutengeneza nyingine. Radiamu hukimbilia mifupa kama kalsiamu, ikakaa karibu na uboho na kuuchoma kwa mionzi miaka mingi. Urani nayo huumiza figo, na figo ndizo zinazouamrisha uboho utengeneze damu. Hivyo mtu anaweza kupungukiwa damu polepole, bila jeraha lolote. Marie Curie, aliyegundua radiamu pamoja na mumewe, alikufa 1934 kwa sababu uboho wake ulishindwa kutengeneza damu.

Tusidanganyane: si kila upungufu wa damu unatoka mgodini. Malaria, minyoo na njaa pia huleta. Tena, kwa wachimba urani, hatari inayojulikana zaidi ni saratani ya mapafu, kwa sababu ya gesi ya radoni.

Ndiyo maana mbele ya daktari usiseme tu, “Nimechoka.” Sema: “Nilichimba Shinkolobwe, kuanzia mwaka huu hadi mwaka huu.” Omba upimwe damu na figo. Na nyumbani, kaa na baba au babu, uandike miaka yake ya kazi kwenye daftari. Mzee akiondoka bila kuandikwa, daktari wa watoto wake hataambiwa na mtu.