Askofu James Theodore Holly wa Haiti

Watu wengi wakimwona askofu hutazama kwanza fimbo yake na pete yake, wakadhani ya kuwa uaskofu ni cheo tu. Lakini neno lenyewe asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni mwangalizi. Mwangalizi hupewa watu wa kuwaangalia, wala hapewi watu wa kumtumikia. Habari za James Theodore Holly zatuonyesha jambo hili.

Holly alizaliwa mwaka 1829 katika mji wa Washington, nchi ya Marekani. Wazazi wake walikuwa watu weusi walio huru, ingawa wenzao wengi katika nchi ile walikuwa wangali watumwa. Alijifunza kazi ya kushona viatu, naye akasoma kwa bidii. Mwaka 1855 alifanywa shemasi katika Kanisa la Episkopali, na mwaka 1856 akawa kasisi, akalichunga kanisa la watu weusi katika mji wa New Haven.

Moyo wake ulielekea Haiti, nchi ambayo watumwa wake walijikomboa kwa vita, wakatangaza uhuru mwaka 1804. Mwaka 1861 akasafiri kwenda huko pamoja na watu wapata 110. Kabla mwaka haujaisha, homa na maradhi mengine yakawapiga. Mama yake akafa, na mkewe, na watoto wake wawili. Wengi katika waliosalia wakarudi Marekani. Holly hakurudi.

Tena palikuwa na taabu nyingine. Kasisi aweza kubatiza na kutoa Ushirika Mtakatifu, lakini kwa taratibu ya Kanisa lile hawezi kuwawekea mikono waliobatizwa ili wathibitishwe, wala kuwafanya wengine mashemasi au makasisi. Kazi hizo ni za askofu. Basi Wakristo wale wa Haiti iliwapasa kungoja askofu avuke bahari kutoka Marekani. Kanisa la namna hiyo ni kama shamba ambalo mbegu zake huombwa kwa jirani kila mwaka: jirani akichelewa, mvua hupita.

Tarehe 8 Novemba 1874, katika kanisa la Grace mjini New York, maaskofu walimwekea Holly mikono awe Askofu wa Haiti. Ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa askofu katika Kanisa la Episkopali. Miaka kumi kabla yake, Samuel Ajayi Crowther, mtu wa Afrika ya Magharibi, alikuwa amekwisha kuwekwa askofu kule Uingereza. Mwaka 1878 Holly alihudhuria mkutano wa maaskofu wa Lambeth, akahubiri katika Westminster Abbey, kanisa wanapotawazwa wafalme wa Uingereza.

Kisha akarudi kwa watu wake, akakaa nao mpaka alipokufa Port-au-Prince mwaka 1911. Alikuwa amekaribia kutimiza miaka 50 katika nchi ile, na ametimiza 36 katika uaskofu.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la nchi liliangusha Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu katika mji huo. Kuta zilianguka, lakini Wakristo hawakuacha kusali pamoja, maana kazi ya askofu yule haikuwa kuta.

Basi, ndugu, tunapomwombea askofu wetu, tusimwombee heshima kwanza. Tumwombee moyo wa kukaa na watu wake siku ambayo wengine wanafunga mizigo.