Mizigo Tuliyobeba Baada ya Masomo

Siku hizi za jubile tunawashukuru mapadri waliotutangulia na wazee waliochoma matofali ya kanisa letu. Inafaa tuwakumbuke pia vijana wa wakati wa vita, waliosoma asubuhi na kubeba mizigo jioni. Sisi tulikuwa miongoni mwao.

Vita ilianza tarehe 2 Agosti 1998, na Goma ikawa makao ya RCD. Tangu miaka ya 1990 walimu waliishi kwa pesa za wazazi. Mtoto aliyekosa minervali alirudishwa nyumbani. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ulimwenguni, kwa sababu viwanda vya simu na kompyuta viliitafuta sana. Milima ya Masisi ikajaa wachimbaji. Kengele ya mwisho ilipolia, tulivua shati la shule, tukapanda kilimani. Tulishusha mifuko ya mchanga hadi mtoni, ambako wakubwa waliuosha. Ule mweusi na mzito uliobaki chini ndio uliokuwa mali. Tulilipwa jioni, tukaweka sehemu kando kwa ajili ya minervali.

Kazi hiyo ilitulipia shule, nayo ikatunyang'anya wenzetu. Mmoja wetu alikuja darasani siku tatu kwa juma, kisha siku moja, kisha hakuja tena. Mwalimu alipoita jina lake tulinyamaza. Tulijua alipo, na tulivionea wivu viatu vyake vipya.

Mwaka 2001 bei ilianguka. Yeye hakurudi, aliona haya kukaa dawati moja na wadogo zake. Kutoka mwaka 2002 vijana wengi walifuata kasiteriti huko Bisie, katika msitu wa Walikale, ambako wabebaji walitembea na magunia ya kilo 50 mgongoni hadi Njingala. Naye alikwenda. Mpaka leo mama yake hajapata habari zake.

Serikali ilitangaza mwaka 2019 kwamba shule ya msingi ni bure, lakini kilima bado kinawaita watoto. Sisi makatekista tunapoita majina ya wakatekumeni, mtoto akikosa mara mbili, tunakwenda kwao kabla ya Jumapili kufika. Mwenzetu yule hakuna aliyemfuata. Ndugu, katika Misa ya jubile tumwombee, pamoja na wote ambao majina yao yaliitwa na hakuna aliyeitikia.