Kifuko cha mayai hukuonyesha buibui wa kufuga na wa kuepuka

KATIKA nyumba nyingi za kaunti za Kitui na Makueni, buibui akionekana ukutani hukimbiliwa kwa ufagio au kopo la dawa ya wadudu. Ilhali mvua za vuli zinaponyesha, kati ya Oktoba na Desemba, na mbu, nzi na mende kuongezeka, buibui huyo huyo huwala wadudu hao usiku kucha bila malipo.

Kwa hivyo, wapo wanaoamua kumwacha darini, na wapo vijana wanaomtia katika chupa ili wamchunguze. Uamuzi huo si mbaya, mradi mfugaji amjue anayemfuga. Rangi pekee haitoshi, kwani hubadilika kwa umri na kwa aina. Alama iliyo wazi zaidi ni kifuko cha hariri ambamo jike huweka mayai yake.

Vifuko vya aina nne

Buibui wa miguu mirefu na myembamba, anayening'inia kwenye pembe za dari, hubeba mayai mdomoni. Huyazungushia nyuzi chache tu, hata yai moja moja huonekana. Huyu hana madhara kwa binadamu.

Buibui bapa wa ukutani, anayekimbia kama mshale akiguswa, hubandika kifuko cheupe cha mviringo, chembamba mithili ya karatasi, ukutani au nyuma ya kalenda. Mama hukaa juu yake akilinda. Naye pia hana madhara ya kutisha.

Wa tatu hutoka shambani na kupenyeza chini ya mlango. Huburuta kifuko cha duara alichokifunga nyuma ya tumbo, kwenye viungo vinavyotoa uzi. Watoto wakianguliwa hupanda mgongoni mwa mama na kubebwa kwa siku kadhaa. Anayempiga kwa ufagio wakati huo huona vibuibui vikitawanyika sakafuni. Dawa yake ni kumfunika kwa bakuli, kupitisha karatasi ngumu chini yake, na kumrudisha shambani.

Wa nne ndiye wa kuepukwa. Kifuko chake ni cha mviringo, cha rangi ya maziwa au manjano hafifu, na kimejaa vijiba pande zote kama tunda changa la mbarika. Mwenyewe ni mjane wa kahawia, ambaye wanasayansi humwita Latrodectus geometricus. Ana miguu yenye mapete, na chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa au nyekundu. Hupenda kujificha chini ya viti, ndani ya mitungi mitupu, kwenye viatu vilivyoachwa nje na pembeni mwa vyoo vya shimo. Kifuko kimoja huweza kuwa na mayai zaidi ya mia moja, na jike hutengeneza vifuko vingi maishani mwake.

Namna ya kufuga

Kwa buibui wasio na madhara, chupa angavu ya mdomo mpana inatosha. Ifunikwe kwa kitambaa chepesi cha pamba kilichofungwa kwa mpira. Matundu ya chandarua ni makubwa mno, kwani vibuibui vichanga hupita. Ndani kiwekwe kijiti cha kutandia utando. Nzi au mbu mmoja aliye hai kila baada ya siku chache ni chakula tosha, ila asiwe amepuliziwa dawa.

Wakati wa kiangazi, tone la maji lipakwe ubavuni mwa chupa kila baada ya siku mbili. Maji yakizidi, kifuko huota ukungu na mayai kuoza. Aidha, chupa isiwekwe juani wala karibu na paa la mabati, kwani joto la mchana huua mayai.

Kifuko kiachwe na mama yake, na kisifunguliwe kamwe. Iwapo lazima kihamishwe, kiinuliwe kwa kipande cha karatasi na brashi laini, si kwa vidole. Mara nyingi mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hadi nne, kutegemea joto. Vibuibui vikitoka, vipelekwe kwenye ua au shamba katika siku chache za kwanza. Vikiachwa pamoja chupani, vitalana.

Kifuko chenye vijiba

Hiki hakifugwi. Vaa glavu nzito na viatu vilivyofunika miguu, kisha kiangushe kwa kijiti ndani ya kopo na ukichome. Kupuliza dawa pekee hakutegemewi, kwa kuwa hariri hukinga mayai.

Anayeumwa na mjane huhisi maumivu, na wakati mwingine hutoka jasho na kukazwa misuli. Pafuliwe kwa sabuni, pawekwe kitambaa baridi, na mgonjwa apelekwe hospitalini, hasa akiwa mtoto, mzee au mjamzito. Pasichanjwe wala kufungwa kamba.

Hata hivyo, si kila lengelenge la asubuhi ni kazi ya buibui. Mengi ya yale yaliyosumbua Wakenya baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998 yalitokana na kijidudu cha jamii ya mbawakawa, kijulikanacho kama 'Nairobi fly', ambacho sumu yake huunguza ngozi kikipondwa.

Funzo kutoka Mbita

Ufugaji huu umewahi kuwanufaisha wanasayansi. Huko Mbita, ufukoni mwa Ziwa Victoria, watafiti waliofanya kazi katika kituo cha icipe walifuga buibui mrukaji wa nyumba za eneo hilo, Evarcha culicivora. Mnamo 2005 walitangaza kwamba huchagua mbu jike walioshiba damu. Buibui huyo ni wa ukanda wa ziwa, wala si wa Ukambani. Isitoshe, hakuna buibui anayeweza kuchukua nafasi ya chandarua katika vita dhidi ya malaria.

Mwisho, asitokee wa kukushawishi umkusanyie vifuko ili avipeleke ng'ambo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hailindi ndovu na simba pekee. Mnamo Mei 2025, mahakama jijini Nairobi iliwatoza vijana wawili raia wa Ubelgiji faini ya Sh1 milioni kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kupatikana na takriban chungu 5,000. Buibui wa nyumbani mwako abaki nyumbani, na kabla ya kuinua ufagio, tazama kwanza kifuko chake.