Kubahatisha au Ustadi? Funzo la Mashine ya Gololi

Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, mzigo wa mfasiri aliyeko Dodoma, makao ya Serikali na Bunge, umekuwa mzito zaidi. Neno likikosewa, jambo la halali huweza kuonekana haramu. Tuchukue neno "kubahatisha", lililomo katika jina la Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na la Bodi iliyoundwa nayo. Neno hili limetokana na "bahati". Je, kila mashine ichezwayo kwa sarafu ni ya kubahatisha? Historia ya mashine ya gololi yatusaidia kujibu.

Mashine hiyo ilivuma Marekani kuanzia mwaka 1931, David Gottlieb wa Chicago alipotoa Baffle Ball. Mchezaji alifyatua gololi kwa springi, kisha akaitazama ikigonga misumari hadi kutumbukia shimoni. Uwezo wake uliishia hapo. Ndiyo maana jiji la New York liliihesabu kuwa kamari, likaipiga marufuku mwaka 1942. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ilitoa Humpty Dumpty, yenye vipigio sita vya umeme, yaani mikono midogo ya kuirudisha gololi juu. Tangu hapo jicho na wepesi wa vidole vikawa na kazi. Mwaka 1976 Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani wa New York, akitaja mapema njia itakayopita gololi, marufuku ikaondolewa.

Mvuto wa mashine hizo kuukuu ni huo: ustadi hupambana na bahati. Lakini ustadi una mpaka. Meza imeinama, hivyo gololi haina budi kushuka. Na aitikisaye mno huzimiwa mchezo. Bao lichezwalo vibarazani halina kinga hiyo: kete zote 64 zajulikana, na ashindwaye hana bahati ya kulaumu.

Basi tuna ngazi tatu: bahati nasibu, gololi na bao. Twapendekeza "kubahatisha" litumike pale tu ambapo mchezaji huweka mali na bahati ndiyo huamua. Mashine ya gololi na iitwe kwa umbo lake, isije ikahukumiwa na jina kabla ya kufika mbele ya hakimu.