Lucio Fontana na mpasuko wa turubai

Lucio Fontana (1899–1968) alikuwa mchongaji wa Argentina na Italia, ambaye sifa yake kubwa ilitokana na maturubai aliyoyapasua kwa kisu. Alizaliwa Rosario, Argentina. Baba yake, Luigi, Mwitalia, alikuwa mchongaji wa sanamu, na baadaye mwana naye akasomea kazi hiyohiyo kwa Adolfo Wildt katika chuo cha Brera, Milano. Bila kulikumbuka hilo, ni rahisi kuuona mpasuko wake kuwa ukorofi tu.

Mwaka 1946, alipokuwa akifundisha Buenos Aires, wanafunzi wake walitoa tamko lililodai sanaa yenye rangi, sauti, mwendo, wakati na nafasi kwa pamoja. Mwaka 1949 Fontana alianza kutoboa matundu kwenye turubai. Mipasuko ikafuata mwaka 1958.

Kazi yenyewe ilihitaji utulivu. Alilipaka turubai rangi moja, mara nyingi nyeupe au nyekundu, na kabla halijakauka kabisa akashusha kisu kwa mkono mmoja usiotetereka. Kisha alizikunja kingo za mkato kwa vidole, taratibu, hadi kitambaa kikapinda kama udongo wa mfinyanzi. Nyuma yake alibandika shashi nyeusi ili jicho likute giza lenye kina badala ya ukuta. Kazi hizo aliziita *Attese*, yaani matarajio. Zenye mkato mmoja zikawa *Attesa*.

Picha ya kitabuni huudhulumu mkato huo. Inaonyesha mstari mweusi tu, kumbe mbele ya turubai halisi kivuli huhama kadiri mtazamaji anavyosogea, kama kinavyohama juu ya shavu la sanamu. Hapo ndipo uchoraji na uchongaji hukutana. Fontana mwenyewe hakuvitenga: jina *Concetto spaziale*, dhana ya nafasi, aliyapa maturubai na pia mabonge ya udongo aliyoyachana na kuyatoboa mwaka 1959 na 1960, mengine yakamiminwa kwa shaba nyeusi.

Katika maonyesho ya Venice ya mwaka 1966, akishirikiana na msanifu majengo Carlo Scarpa, alitengeneza chumba cheupe chenye maturubai meupe, kila moja likiwa na mkato mmoja. Waamuzi walimpa mchongaji huyo tuzo kuu ya uchoraji.