Mnara wa Kanisa la Kwanza, Bagamoyo

Mnara huu ndio uliobaki wa kanisa lililojengwa mwaka 1872 na Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofika hapa mwaka 1868. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba za kale za mji huu.

Wengi huuita Mnara wa Livingstone. Sisi tungependa wakumbukwe kwanza Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa msafiri na mmisionari Livingstone. Livingstone alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Waliukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakauviringishia gome la mti, wakaushonea turubai, wakaubeba kwa miguu kupitia Unyanyembe, karibu na Tabora. Walifika hapa 24 Februari 1874. Ulilala kanisani usiku mmoja, kisha ukavushwa Unguja.